Maswali kwa Fundi: Ringi na Matairi ya Magari ya Fomula

Toleo lililopita nilieleza kwamba gari dogo la fomula, lile la kiti kimoja ambalo magurudumu yake yako nje ya bodi, linaweza kuundwa na vijana wa Nakuru, Kisumu au Kakamega bila kungoja mfadhili wa ng'ambo. Barua zilizofuata zimenipa furaha kubwa, kwa sababu wachache tu wameuliza kuhusu injini. Wengi wameuliza ringi na matairi, na hapo ndipo penyewe. Nguvu zote za injini, breki zote na ustadi wote wa dereva hupitia sehemu nne za mpira zinazogusa lami. Nimechagua barua ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

*Mwalimu, salamu kutoka Njoro. Sisi ni wanafunzi wa uhandisi na tumeanza kuchora gari la kufuata sheria za Formula Student. Mwenzetu wa Kisumu anataka tutumie ringi za tuktuk kwa sababu zinapatikana kila mahali na bei yake si kali. Je, sheria inaruhusu? Na ni mambo gani mengine ya magurudumu ambayo wakaguzi hawasamehi?*
Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Njoro

Mwanangu, hongereni kwa kuanza. Mashindano haya, ambayo wanafunzi wa vyuo huunda gari lao wenyewe na kulishindanisha, yalianzia Marekani mwaka 1981 kwa jina la Formula SAE, Uingereza ikaanzisha ya kwake mwaka 1998, na uzuri wake ni kwamba kitabu cha sheria kiko wazi kwa yeyote anayetaka kukisoma.

Sheria inataka gurudumu lenye kipenyo cha milimita 203.2 au zaidi, yaani inchi 8. Matairi mengi ya tuktuk yameandikwa 4.00-8: upana wa inchi 4, ringi ya inchi 8. Kwa hiyo mwenzenu hakukosea, ringi yake inapita, ingawa imesimama mpakani kabisa. Hata hivyo mimi nisingeifunga. Kabla gari halijaruhusiwa kuingia uwanjani hupelekwa kwenye jaribio la breki, na hapo magurudumu yote manne lazima yagande. Sasa chukua ringi ya inchi 8, toa nafasi ya habu, bering na kalipa ya breki, kisha uone diski inayobaki ina ukubwa gani. Mtahangaika kutafuta diski ya pikipiki ndogo, na hiyo nayo itagoma kuingia.

Kuna jambo la pili ambalo nataka mnisikilize vizuri. Ringi nyingi za tuktuk ni vipande viwili vilivyobanwa pamoja kwa bolti. Bolti hizo ndizo zinazozuia upepo usitenganishe pande mbili. Nimewahi kumkuta kijana ameshika spana anazilegeza huku tairi likiwa limejaa, nikamnyang'anya ile spana. Upepo utolewe wote kwanza, valvu ing'olewe, ndipo bolti iguswe. Kipande kikiruka kinavunja taya.

Tairi lenyewe nalo limeundwa kubeba abiria na magunia kwa mwendo wa mjini. Ukuta wake ni mrefu na uso wake ni mwembamba, hivyo kwenye kona kali linajikunja. Timu nyingi hutumia ringi za inchi 10 au 13. Ya inchi 10 ni nyepesi, lakini mtabaki mkitegemea matairi ya kuagiza. Mimi hapa kwetu ningeanza na ya inchi 13, kwa sababu breki za gari dogo zinaingia bila kulazimishwa, na siku za majaribio mnaweza kufunga matairi ya barabarani mkahifadhi yale ya mbio. Mkiyanunua ya mbio mtaona yanaandikwa kwa namna nyingine. 20.5 × 7.0-13 maana yake kimo chote ni inchi 20.5, upana inchi 7, ringi inchi 13. Msichanganye na ile hesabu ya milimita na asilimia mliyoizoea dukani.

Sasa yasiyosamehewa. Gurudumu linalofungwa kwa nati moja ya katikati lazima liwe na kifaa cha kuzuia nati na gurudumu visichomoke hata nati ikilegea, na kufunga nati ya pili juu ya ile ya kwanza hakuhesabiwi. Ukilitazama gari kutoka juu, nusu ya juu ya gurudumu isifunikwe na chochote. Ukilitazama kutoka ubavuni pia liwe wazi, na kuna eneo la milimita 75 mbele ya tairi na milimita 75 nyuma yake ambalo hakuna sehemu ya gari inayoruhusiwa kuingia. Wale wanaochora mabawa makubwa hukamatwa hapo. Umbali kati ya ekseli mbili usipungue milimita 1,525, na ukipima kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, mbele na nyuma, umbali mdogo kati ya hiyo miwili usiwe chini ya asilimia 75 ya ule mkubwa. Matairi ya mvua yawe na meno yenye kina cha milimita 2.4 au zaidi. Vifaa vya kupasha matairi joto ni marufuku, na dawa yoyote ya kuongeza mshiko ni marufuku. Ukubwa wa tairi na aina ya mpira havibadilishwi mashindano yakishaanza, kwa hiyo hakuna kukimbilia seti laini zaidi siku ya mwisho. Someni kitabu cha mwaka ule ule mtakaoshindana, maana vipengele hurekebishwa.

*Fundi mkuu, mimi nachomelea Kibuye, Kisumu. Kijana mmoja ameniletea ringi za chuma za inchi 13 za gari lake la fomula. Anataka nizipasue katikati niongeze bamba, upana utoke inchi 5½ ufike inchi 7. Anasema daraja lake la mbio linaruhusu inchi 5½ tu lakini hakuna atakayepima. Nimfanyie?*
Welda, Kibuye

Usimfanyie, ndugu yangu. Na ukiweza, mwonyeshe jibu hili.

Kwanza, sisi wakaguzi tutapima. Upana wa ringi haupimwi kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje. Unapimwa ndani, pale tairi linapokalia, kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Ringi ya 5½ ina milimita 139.7 hapo ndani, ilhali ukiipima kwa nje utapata karibu inchi moja zaidi. Wengi hubishana na mkaguzi kwa sababu wamepima kwa nje. Ringi ya kiwandani huwa imegongwa maandishi kama 5½J × 13, na herufi J inaeleza umbo la ule ukuta wa pembeni. Ringi iliyopasuliwa inabaki na maandishi ya zamani juu ya upana mpya. Kalipa ya mkononi, ile ya kupimia upana, inamaliza ubishi papo hapo.

Pili, tairi. Tairi la 175/70R13 (upana milimita 175, kimo cha ukuta asilimia 70 ya upana huo, ringi inchi 13) limeundwa kukaa kwenye ringi ya upana wa inchi 4½ hadi 6. Ukilivuta kwenye ringi ya inchi 7, kuta zake zinalala nje na ule ukingo wenye waya unakaa vibaya kwenye kitako chake. Barabarani, kwa mwendo wa kwenda sokoni, linaweza kudumu. Kwenye kona, uzito wote ukiegemea gurudumu moja la nje, ukingo unachomoka na upepo unatoka wote kwa mara moja.

Tatu ni kazi yako wewe. Najua welda wa Kibuye wanajua moto. Sina shaka na mkono wako. Lakini weld inayozunguka ringi nzima inalegeza chuma kilicho kando yake, na gurudumu la gari la mbio linapigwa upande mmoja kisha upande mwingine, maelfu ya mara kwa siku moja. Ufa hauanzii kwenye weld yenyewe, unaanzia pembeni yake, chini ya rangi, mahali ambapo jicho halifiki. Niliwahi kukagua gari ambalo ringi yake ilikuwa imepanuliwa hivyo, ikapakwa rangi ya fedha ikang'aa. Nilipokwangua rangi kwa msasa, ufa ulikuwa umefika theluthi ya mzunguko. Mwenye gari alikasirika kwa kuondolewa. Sikujali kukasirika kwake, kwa sababu nyuma ya kamba walikuwa wamesimama watoto.

Kama unataka kumsaidia huyo kijana na upate pesa yako halali, mfanyie kazi ambayo ringi zinaihitaji kweli. Toa rangi yote, safisha kwa brashi ya waya, kagua kuzunguka matundu ya stadi, zile bolti zinazoshika gurudumu, na pale bamba la katikati linapoungana na duara. Izungushe ringi kwenye habu huku umeshikilia sindano ya chuma karibu na ukingo, utaona mara moja kama imepinda. Iliyopinda iende kwa skrepa. Na nati alizoleta ziangalie mdomo wake. Ringi ya chuma inataka nati yenye mdomo wa koni, lakini Toyota nyingi zenye ringi za aloi zimekuja na nati zenye washa bapa. Ukifunga nati bapa kwenye tundu la koni, inaonekana imekaza, kumbe imegusa sehemu ndogo tu, na baada ya mizunguko michache imelegea.

*Mheshimiwa, mimi ni mama wa kijana wa miaka 18 hapa Kericho. Amealikwa kuendesha gari la fomula la rafiki yake. Nimesikia kwamba magurudumu ya magari haya yakigusana gari huruka juu. Je, ni kweli au ni maneno ya watu? Tena matairi wamenunua ya mitumba, hayana meno kabisa. Fundi wao anasema ni mazuri kwa sababu hayajawahi kutoboka.*
Mama mwenye wasiwasi, Kericho

Mama, asante kwa kuandika. Ni kweli, na nitakueleza kwa nini, ili ukiongea na kijana wako usimwambie tu "nimesikia".

Gurudumu linapozunguka kwenda mbele, uso wake wa mbele unashuka na uso wake wa nyuma unapanda. Gari la kijana wako likimfuata mwenzake kwa karibu mno, gurudumu lake la mbele linaweza kugusa gurudumu la nyuma la aliyetangulia. Hapo uso unaoshuka unakutana na uso unaopanda, mpira juu ya mpira, na kazi ya mpira ni kushika. Gurudumu la aliye mbele linamsukuma juu aliye nyuma, na gurudumu la aliye nyuma lenyewe linajivuta kupanda. Gari linalofuata ndilo linaloruka. Magari ya kawaida yana madigadi, yakigusana yanakwaruzana tu. Hili halina.

Kwa sababu hiyo mbio za ridhaa za magari ya namna hii huchukulia kugusana kuwa kosa kubwa, na dereva anayezoea kugusa wenzake huondolewa. Mwambie kijana amuulize mwenye mbio maswali mawili kabla ya kukubali: ni adhabu gani anayopewa mtu akimgusa mwenzake, na watazamaji wanasimama wapi. Hata Formula 1, kwa pesa zake zote, ililazimika kuanza kufunga magurudumu kwa kamba maalumu mwaka 1999 ili yasing'oke kwenye ajali, na bado msimamizi mmoja aliuawa Monza mwaka 2000 na mwingine Melbourne mwaka 2001, wote kwa kugongwa na vitu vilivyoruka kutoka kwenye ajali, likiwemo gurudumu. Gurudumu lililong'oka halina breki wala stelingi. Mahali pa kusimama watazamaji ni nyuma ya kizuizi cha kweli, mbali na upande wa nje wa kona. Utepe wa plastiki hauzuii kitu.

Sasa matairi. Kukosa meno si kasoro, mama. Matairi ya mbio za lami kavu, tunayaita sliki, huzaliwa bila meno ili mpira mwingi uguse lami. Kasoro inaweza kuwa umri na joto. Mpira wa mbio kila ukipashwa moto ukapoa unakuwa mgumu kidogo, hata kama unene wake bado upo, kwa hiyo tairi linaweza kuonekana nono na likateleza kama sahani. Mwambie kijana afanye hivi. Atafute vile vitundu vidogo vya kupimia uchakavu kwenye uso wa sliki. Vikiwa vimefutika, tairi limekwisha. Alikunje kwa mikono mahali ukuta unapokutana na uso, aangalie nyufa nyembamba. Apitishe kiganja kuzunguka tairi lote kutafuta sehemu bapa iliyoliwa na breki. Tairi la barabarani lingekuwa na tarakimu nne baada ya herufi DOT, mbili za wiki na mbili za mwaka, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Sliki nyingi hazina maandishi hayo kwa sababu haziruhusiwi barabarani, kwa hiyo kipimo cha kuaminika ni durometa, kile kifaa kidogo cha sindano kinachopima ugumu wa mpira. Namba ikiwa kubwa, mpira ni mgumu. Ninacho, na wakiyaleta Nakuru nitawapimia bila malipo.

Na wakimwambia kwamba kuna dawa ya kupaka ili mpira mgumu ulainike, au dizeli, akatae. Ni marufuku katika mbio nyingi za ridhaa, mvuke wake unadhuru mapafu, na mpira uliolainishwa juu bado ni mzee ndani.

*Fundi, tukijaza upepo Kisumu psi 18 kisha tukaburuta gari kwa trela hadi Nakuru, geji inatuonyesha namba nyingine. Geji yetu ni mbovu?*
Mpenzi wa mbio, Ahero

Huenda haina kosa lolote. Geji hupima tofauti kati ya upepo wa ndani ya tairi na hewa ya nje. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru karibu mita 1,850, na hewa ya nje Nakuru ni nyepesi zaidi. Tofauti hiyo peke yake inaongeza kama psi 1 kwenye geji. Baridi ya asubuhi nayo inapunguza: kwa presha ndogo kama hizi, kila nyuzi 10 za joto ni karibu psi 1. Hivyo mkifika alfajiri mnaweza kuona namba ile ile na mkadhani hakuna kilichobadilika, kisha jua likitoka mambo yanageuka. Gari zito la barabarani halijali sana psi moja. Gari la fomula la kilo mia nne na kitu linaihisi kwenye kila kona. Pimeni mahali pa mbio, kwa geji moja tu kwa matairi yote manne, tena mpime upya mara tu gari linapotoka uwanjani likiwa na moto. Hiyo namba ya moto ndiyo ya kuandika kwenye daftari.

*Kuna jamaa hapa Section 58 anachonga matairi ya matatu kwa kisu cha moto yanarudisha meno. Tukipata sliki, anaweza kutuchongea ya mvua? Aprili inakaribia.*
Msomaji, Nakuru

Hapana. Mpira wa sliki ni mwembamba juu ya nyuzi zilizofumwa ndani ya tairi, na mchongaji hajui nyuzi ziko kina gani. Sheria za Formula Student zinakubali michirizi iliyofinyangwa na kiwanda, au iliyochongwa na kiwanda chenyewe au wakala wake, tena kwa ushahidi wa maandishi. Mchongo wa kichochoroni utawaondoa kwenye mashindano, na hiyo ndiyo hasara ndogo. Mvua ikinyesha na hamna matairi yenye meno, egesheni gari.

*Mwalimu, tuko kikundi cha vijana Kisumu. Tumeshaunda fremu mbili kwa kutumia vipuri vya Vitz na Probox, na nyingine zinaendelea. Tumekubaliana tuandike sheria zetu wenyewe kabla ya kukimbia, lakini tumegawanyika. Wenye pesa kidogo wanataka tairi la aina moja kwa wote. Wengine wanasema mbio ni uhuru, kila mtu afunge anachoweza kununua. Tuamulie.*
Kikundi cha vijana, Kisumu

Barua hii nimeisoma tena na tena kwa furaha, maana mmefanya jambo ambalo watu wazima wengi hawalifanyi: mmekaa kuandika sheria kabla ya kugombana. Uamuzi wangu ni tairi moja kwa wote, na jembamba. Sisemi hivyo kwa kuwahurumia wenye pesa kidogo. Nasema hivyo kwa sababu historia ya mbio hizi inaonyesha kwamba pale tairi lilipokuwa la kawaida, mbio zilikua.

Angalieni Formula Vee. Huko Marekani daraja hilo la mbio lilitambuliwa rasmi mwaka 1963, gari zima likiwa limeundwa kwa vipuri vya Volkswagen Beetle, na ringi zake zilikuwa zile zile za chuma za Beetle, inchi 15 kwa upana wa inchi 4. Inchi nne tu. Wazee wetu wanaijua ringi hiyo, kwa sababu Beetle ndiyo iliyoshinda mbio za Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, na baadaye ikajaa kwenye magereji ya Nakuru. Niki Lauda, bingwa wa dunia wa Formula 1, alipita Formula Vee. Kisha angalieni Formula Ford, iliyoanza Brands Hatch, Uingereza, mwaka 1967. Shule ya udereva ya pale ilichoshwa na gharama za magari ya mbio, ikachukua injini ya Ford ya barabarani na matairi ya barabarani. Ringi zikawekewa kikomo cha inchi 13 kwa 5½, mabawa yakakatazwa. Ayrton Senna, naye baadaye bingwa wa Formula 1, alishinda Formula Ford Uingereza mwaka 1981 kwenye magurudumu hayo membamba. Jody Scheckter wa Afrika Kusini, bingwa wa dunia mwaka 1979, naye alitokea huko. Hakuna kati yao aliyedumazwa na tairi jembamba.

Sababu yake naiona kila ninapotazama mbio. Tairi pana lenye mpira laini linaficha makosa ya dereva na makosa ya fundi. Linashika hata pale gari limeingia kona vibaya. Jembamba linateleza mapema, kwa mwendo mdogo, na linampa dereva nafasi ya kuhisi na kurekebisha. Anayeshinda kwa tairi la aina hiyo ameshinda kwa mikono yake na kwa kazi ya fundi wake. Tena ajali, ikitokea, inatokea kwa mwendo ambao mtu anaweza kutoka akitembea.

Kwa hiyo andikeni hivi, na mbadilishe mnapoona inafaa. Ringi ni ya chuma, ya kiwandani, inchi 14, upana wa inchi 5 au 5½ lakini mchague moja iwe ya wote. Vitz na Probox zina stadi nne kwenye duara la milimita 100, kwa hiyo ringi zinaingiliana na skrepa zimejaa. Hakuna kupasua, hakuna kuongeza bamba, hakuna spesa za kusogeza gurudumu nje. Tairi ni 175/65R14, linauzwa kwenye duka lolote la matairi Kisumu. Mengi yameandikwa 82T: 82 maana yake tairi moja linabeba kilo 475, na T maana yake limeidhinishwa kwa kilomita 190 kwa saa. Gari lenu zima pamoja na dereva litakaribia uzito ambao tairi moja pekee linaweza kuubeba, kwa hiyo hamtayaua matairi haya kwa uzito. Kasoro yake ni kwamba gari jepesi haliyapashi moto vizuri, na mtateleza. Mtateleza wote sawa.

Chagueni chapa moja kwa kura ya wote, kisha mnunue kwa pamoja, seti zote siku moja, duka moja. Mtapata bei, na mtahakikisha tarakimu nne za tarehe zinafanana. Mimi nisingekubali tairi la zaidi ya miaka mitano. Matairi yakifika, yawekeni katikati na kila timu ichukue seti yake kwa kuokota karatasi kwenye kofia, halafu mtu asiye na gari ayatie alama ya rangi kwenye ukuta wa ndani. Tairi lisilo na alama halikimbii.

Retredi, yaani tairi kuukuu lililovikwa mpira mpya, marufuku. Kunyoa meno marufuku. Najua huko nje baadhi ya madereva wa ridhaa hunyoa matairi mapya ya barabarani ili meno yasicheze, na ni kweli gari linakuwa jepesi kugeuza, lakini ni kununua tairi na kutupa nusu yake kabla ya kukimbia. Meno yakifika milimita 1.6, tairi linatoka. Mvua ikinyesha mnakimbia na matairi yale yale, na huo ni uokoaji mkubwa wa pesa ambao wenye sliki hawana.

Nati ni za koni, nyuzi za M12 × 1.5, zikazwe kwa 103 Nm kwa spana ya kupimia mkazo, gari likiwa limeshuka chini. Nunueni spana moja ya kikundi. Apewe mtu mmoja, naye azunguke gari kwa gari kabla ya kila mbio, na kila nati aliyoikaza aipigie mstari wa rangi unaotoka kwenye nati hadi kwenye ringi. Mstari ukikatika, nati imesogea, na gari linasimama. Baada ya mizunguko ya kwanza ya siku kazeni tena, kwa sababu ringi ya chuma iliyopakwa rangi upya hulegeza nati rangi inapobonyea.

Na wale wenzenu wanaotaka uhuru, msiwafukuze. Waambieni wakimbie msimu wa kwanza kwa tairi hili la wote. Msimu ukiisha, kama wapo wa kutosha wenye pesa ya matairi mapana, waanzishe daraja lao, na waanze wakiwa peke yao uwanjani, kwa sababu gari lenye mshiko mkubwa na gari lenye mshiko mdogo kwenye kona moja ndilo gurudumu juu ya gurudumu nililomweleza mama wa Kericho. Nileteeni rasimu yenu kabla hamjanunua tairi hata moja. Nitaisoma yote, na siku ya ukaguzi wa kwanza nitakuja Kisumu na durometa na kalipa yangu.